Usimtafutie Juma Karatasi ya Malaria

Mwanangu Zuhura,

Umetoka na shangazi yako kuaga majirani, na ninavyowajua watu wa Turwa, kila nyumba itataka mkae mnywe chai. Hamtarudi kabla ya alasiri. Nimefunika cherehani, nimechukua daftari la vipimo vya wateja na kuchana karatasi za nyuma ambazo zilikuwa tupu. Ukikuta kiuno cha mtu kimeandikwa pembeni, kipite tu.

Jana tumekuozesha, kesho ndugu zake Juma wanakuja kukuchukua kwenda Mugumu. Mambo ya kupika, ya wakwe na ya kuamka mapema shangazi yako amekueleza wiki nzima mpaka nikakuonea huruma. Mimi nina jambo moja tu, lile uliloniambia Alhamisi nikajifanya natafuta mkasi.

Uliniomba namba ya Daktari Wankuru, kwa kuwa siku hizi yuko Mugumu. Nikauliza ya nini. Ukasema Juma hajaingia darasani hii wiki ya tatu. Akisimama mbele ya watoto na chaki mkononi pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, anatoka nje na kukaa nyuma ya jiko la shule mpaka kengele ilie. Mkuu wa shule amempa mpaka Jumatatu asubuhi alete karatasi ya hospitali, la sivyo ataandika utoro. Ukamalizia hivi: "Daktari Wankuru amwandikie malaria tu, baba, wiki mbili. Alikuwa rafiki wa mama, hawezi kukataa."

Hukujua umesema nini, na ungejuaje wakati mimi ndiye niliyekuficha. Ngoja nikwambie sasa, halafu utaamua mwenyewe.

Mama yako alipokuja hapa alikuwa muuguzi mpya kutoka Kondoa, amepangiwa zahanati ya Gorong'a. Hakujua neno moja la Kikurya. Aliniletea gauni la kazi lililokuwa refu mno, nikamwambia akae asubiri. Hakukaa. Alisimama akisoma kalenda ya ukutani, mwezi baada ya mwezi, kama mtu anayesoma gazeti. Hiyo ndiyo picha yake ya kwanza niliyonayo, na naitunza.

Gauni hilo na yote yaliyofuata nilimshonea mimi. Kwa hiyo niliujua mwili wake kwa futi. Mwaka ule ulipokuwa kidato cha pili kule bweni Musoma, nilipunguza kiuno cha gauni lake la kazi mara tatu. Mara tatu, Zuhura, na sikuuliza. Mteja akipungua hivyo namuuliza kama anaumwa. Mke wangu sikumuuliza.

Ilianza na sindano. Alikuwa amechanja watoto miaka kumi na sita, na siku moja akarudi nyumbani akasema hana uhakika alichoma dawa gani. Nikamwambia umechoka. Akageuka, akarudi zahanati, akafungua boksi la taka na kusoma kichupa kimoja kimoja. Dawa ilikuwa sahihi. Kesho yake akarudi tena, na kesho kutwa tena. Baadaye ikawa hawezi kuondoka mpaka asome vichupa vyote, na baadaye zaidi ikawa hawezi kufika. Nilikuwa nampeleka kwa pikipiki asubuhi, ameingiza mkono wake mfukoni mwa koti langu, na tukikaribia kona ya zahanati nilisikia mkono unatetemeka. Ananigonga mgongoni. Nasimama. Anashuka, anatapika kando ya njia, anasema, "Turudi, baba Zuhura." Na mimi nasema, "Hakuna kitu, panda twende."

Hilo neno, hakuna kitu, nalijutia kuliko mengi. Kulikuwa na kitu. Angekuwa na homa ningemshika paji la uso.

Daktari Wankuru alikuwa tabibu wa pale pale zahanati, na ndiye mwanamke wa kwanza kuwa rafiki wa mama yako huku. Nilimfuata mimi, mama yako hakunituma. Nikamwambia, "Daktari, Mwanaidi hawezi kuja leo, na siwezi kusema anaogopa. Muuguzi akisemwa anaogopa sindano, nani atamletea mtoto?"

Akaniangalia sana. "Shemeji, mimi niandike nini?"

"Andika malaria. Malaria nani anaulizia?"

Akaandika ED, ile karatasi ya kumruhusu mgonjwa apumzike kazini. Siku tatu. Nikaipeleka kwa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, akaisaini bila kuinua macho. Nilirudi kwenye cherehani nikiona nimefanya jambo la mume.

Baada ya hapo ikawa ndiyo njia yetu. Malaria, tena malaria. Nikaona zinazidi, tukaweka homa ya matumbo katikati, halafu mkojo mchafu, halafu tukarudi malaria. Mama yako alikuwa amelala ameelekea ukutani, akaniambia siku moja bila hasira, "Kila mwezi unanishonea ugonjwa mpya, na hata mmoja haunikai." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Hata wateja walianza. Unamkumbuka Mzee Chacha wa Gorong'a, yule wa suruali za mikunjo? Alikaa pale kwenye benchi akisubiri zipu na kusema, "Fundi, hii malaria ya mkeo ni ya aina gani? Ng'ombe wangu wanalala nje, wananyeshewa, na hawaumwi hivi. Nenda kamnunulie chandarua, wewe Mnyamwezi, au unataka tukuchangie?" Benchi zima likacheka na mimi nikacheka nao. Nikafunga zipu yake vibaya.

Shehe alikuja nyumbani akasoma dua, na dua ilimtuliza, sikatai. Siku hiyo alikula. Lakini dua haiingii kwenye faili, na faili ndilo lililokuwa linajaa.

Mganga mfawidhi akahamishwa, akaja mwingine, kijana anayesoma kila karatasi. Alichukua ED za mama yako akaziweka pamoja na daftari la maabara. Kwenye daftari hakuna kipimo hata kimoja cha Mwanaidi. Ikaja barua ya kumtaka ajieleze kuhusu utoro. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Badala yake nilikaa na kalamu, na elimu yangu hii ya darasa la saba, nikamwandikia majibu kwa jina lake kwamba alipimwa hospitali nyingine. Alisaini bila kusoma. Haikupita muda mrefu mshahara wake ukasimamishwa.

Sasa ndipo unapoingia wewe. Nilikuja Musoma kukuchukua na sanduku lako nikakwambia biashara ya nguo imekuwa mbaya, watu wananunua za mitumba Sirari. Ukaniamini. Ulikaa nyumbani muhula mzima ukinisaidia kutia vifungo, halafu ukaanza tena kidato cha pili katika shule ya kata. Hukulalamika hata siku moja. Biashara haikuwa mbaya, mwanangu. Wateja walikuwepo kama kawaida. Ulipoteza mwaka kwa sababu baba yako aliona aibu kusema neno moja lililokuwa kweli. Nakuomba unisamehe, na kama huwezi leo, sitakuharakisha.

Aliyetutoa ni mama yako mwenyewe. Siku moja nilirudi kutoka msikitini nikamkuta amevaa, ameketi mlangoni na kitambulisho mkononi. Akasema, "Nipeleke hospitali ya mkoa, kwa daktari wa akili. Nimeuguza watu, najua huyu ninayemhitaji ni nani." Daktari alikaa naye saa nzima, mimi nikiwa nje. Akampa dawa, akampa siku za kurudi kuzungumza, na akaandika barua kwa mwajiri kwamba Mwanaidi anaumwa ugonjwa wa hofu, apewe likizo ya ugonjwa, na akirudi apangiwe kazi nyepesi kwa muda.

Nikaichukua ile barua kama mtu aliyeokota ufunguo. Nikaenda nayo halmashauri kwa afisa utumishi. Mama yako nilimwacha kwenye benchi la nje. Afisa alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, anayezungumza polepole. Akafungua faili na kupanga karatasi mezani moja moja, malaria, malaria, homa ya matumbo, malaria, kama mtu anayecheza karata. Mwishoni akaweka barua ya daktari.

"Mzee wangu," akasema, "mgonjwa wa faili hili anaumwa malaria. Mgonjwa wa barua hii anaumwa hofu. Nimhudumie yupi?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe ni nani kwenye ajira hii?"

"Ni mume wake."

"Basi hujaajiriwa. Mwenye haki ni yeye. Yuko wapi?"

Sikuwa na haja ya kumwita. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, ameshika fremu kwa mikono miwili. Akasema, "Mgonjwa ni mimi. Malaria sikuugua. Naogopa. Naogopa sindano niliyokuwa nachoma kila siku." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukatika.

Afisa akaweka kalamu chini. "Karibu uketi, sista. Sasa tunaweza kuanza."

Aliyotueleza siku ile nakuandikia kwa sababu ndiyo uliyoyahitaji Alhamisi, nami nikakunyima. Alisema mtumishi anayeumwa ana likizo ya ugonjwa kwa muda uliowekwa, mwanzo kwa mshahara wote, na akiendelea kuumwa, kwa nusu. Daktari akishauri, anaweza kupangiwa kazi nyingine anayoimudu. Ugonjwa ukiwa mrefu sana anapelekwa mbele ya bodi ya madaktari, na bodi ikiona hawezi tena kazi, anastaafu kwa ugonjwa na kupewa mafao yake, hafukuzwi kama mtoro. Halafu akasema kitu ambacho nilikiandika nyuma ya risiti ili nisikisahau: "Hakuna mahali palipoandikwa kwamba malaria ni ugonjwa na hofu siyo." Muda kamili na fomu zenyewe, Juma amuulize afisa utumishi wa Serengeti. Mimi ni fundi, na taratibu hubadilika.

Mama yako alimuuliza, "Kwa hiyo nitalipwa nikiwa nimelala?" Aliona kama anaiba.

Yule afisa akamjibu, "Sista, umewachanja watoto wa wilaya hii miaka kumi na sita. Wilaya inaweza kukusubiri kidogo."

Alilia pale ofisini, na mimi nikaangalia dirishani.

Usidhani yote yalirekebishika. Likizo alipewa, ila kuanzia siku ya barua ya daktari kwenda mbele. Miezi ya nyuma ilibaki utoro, kwa sababu karatasi zilizokuwemo zilikuwa za uongo, na afisa hakuwa na ya kweli ya kushika. Aliniambia kwa huzuni, "Mngekuja na ya kweli tangu siku ya kwanza, nisingekuwa na la kuwauliza." Na Daktari Wankuru, ambaye saini yake ilikuwa kwenye kila ED, alipewa barua ya onyo na kuhamishwa mbali, zahanati ya ndani kabisa Serengeti, mbali na mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa. Hakutusema vibaya kwa mtu. Ila kwa miaka mitatu hakupokea simu ya mama yako, na mama yako aliipiga kila Idi na kila Krismasi. Rafiki yake wa kwanza huku nilimnyang'anya mimi, kwa karatasi ya siku tatu.

Mama yako alipona? Watu waliniuliza hivyo, na nilikuwa sijui nijibu nini. Dawa zilimsumbua wiki za mwanzo, mdomo mkavu, usingizi mwingi. Baadaye akaanza kwenda sokoni peke yake. Aliporudi kazini wakampa meza ya kadi za kliniki, kuandika uzito wa watoto na tarehe za kurudi. Sindano hakuishika tena na hakuna aliyemlazimisha. Unakumbuka alivyokuwa akirudi anatutajia majina ya watoto wanene? Hiyo ndiyo miaka aliyokaa kwenye ile meza. Siku mbaya zilikuwepo, lakini aliziita kwa jina lake. Alisema, "Leo hofu imekuja," kama anayetaja mgeni, na mimi nikajifunza kunyamaza, kukaa karibu, na kumwachia yeye aseme lini tunyanyuke. Figo zilipomchukua, huu mwaka wa tatu sasa, alikuwa bado mtumishi mwenye faili safi. Daktari Wankuru alikuja mazishini. Alikaa mkekani na wanawake siku zote tatu, hakusema na mimi, na siku ya kuondoka akaniwekea mkono begani.

Kuna kitu kingine nataka ukijue kuhusu Juma. Alikwambia habari ya ugonjwa wake kabla ya ndoa. Hakusubiri muwe ndani. Mimi na mama yako tulikuwa na miaka kumi na mitano pamoja na bado tulifichana. Kwa hilo nimempenda kuliko ninavyoonyesha, na jana nilipomshika mkono nilitaka kumwambia, lakini nilifikiri, hili ni lake, atalisema kwangu atakapotaka. Sijamwambia neno.

Na wewe nakuonea huruma, si yeye peke yake. Najua hiyo kazi. Utakuwa unasikiliza pumzi zake. Utaanza kumjibia watu mlangoni, kumwandikia ujumbe kwa simu yake, kumsemea kwa mama yake, na kila mara itakuwa ni kwa upendo. Mimi nilikuwa mdomo wa mama yako mwaka mzima na zaidi, na ule mdomo ulisema uongo mtupu, wakati yeye alihitaji dakika moja tu mlangoni kwa afisa ili aseme mwenyewe. Ukichoka, uje nyumbani siku mbili tatu ulale. Hakuna atakayekuuliza kitu. Shangazi yako nitamziba mdomo mimi.

Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nilimpigia Daktari Wankuru. Nikamweleza yote, ya Juma na ya Jumatatu, na kwamba utamtafuta.

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Shemeji, yaani umenilelea hadi mtoto aje kuniomba malaria?"

Nikasema, "Ndiyo maana nimepiga."

"Karatasi siandiki," akasema. "Hata akija analia. Lakini mwambie Jumatatu waje wote wawili saa moja asubuhi, kabla ya shule. Hapa tuna daktari anayeona watu wa namba hiyo, nitawapeleka mimi mwenyewe hadi mlangoni. Atakachoandika huyo ndicho Juma apeleke kwa mkuu wake. Na umwambie binti yako, mama yake alikuwa mtu wangu." Halafu akaniuliza kama bado nashona magauni ya kazi, nikamwambia ndiyo, akasema atanitumia vipimo.

Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Uliiomba, nimekupa, na sasa unajua atasema nini.

Huenda mkuu wa shule atakunja uso akisoma ugonjwa wenyewe. Huenda walimu watasema maneno. Siwezi kukuahidi hawatasema. Ninachojua ni kwamba maneno ya watu yalitupita na faili likabaki.

Barua hii ni yako, ukitaka msomee Juma, ukitaka usimsomee. Nakuomba hili moja. Jumatatu mtakapokaa mbele ya yule daktari, na baadaye mbele ya mkuu wa shule, na mtu akauliza mwalimu anaumwa nini, macho yote yatakugeukia wewe kwa sababu wewe ndiye usiyetetemeka. Utakuwa na jibu mdomoni. Funga mdomo, mwanangu. Hata kimya kikiwa kirefu mpaka ukaona aibu, mwachie Juma ajibu mwenyewe.

Baba yako anayekupenda,
Fundi Hamisi